Shemeji Nyutro na Gari la Umeme

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini njia nzima kutoka bandarini hadi mpakani hakuna anayelijua. Wanamwita Nyutro. Hata dada akikasirika humwita hivyo, na siku hizo mtu mwenye akili haendi kwao kuomba chai.

Kazi yetu ni ya kuchosha kuliko inavyoonekana. Magari yanashushwa melini, mali ya watu wa nchi jirani isiyo na bahari, na sisi madereva wa transiti tunayaendesha moja moja hadi mpakani. Unakaa kwenye gari zuri ambalo si lako, viti vyake bado vimevikwa nailoni inayokuunguza mgongo, na huruhusiwi hata kutupia begi lako kiti cha nyuma. Ukishakabidhi, unarudi kwa basi, magoti yamegusa kidevu. Ukifika nyumbani watoto wanakusalimia kama mgeni, na kabla hujauzoea mto wako, simu inaita: meli imetia nanga.

Kilichotuweka kwenye kazi hii miaka yote si mshahara, maana mshahara wenyewe ni wa kukuwezesha kufa polepole. Ni mafuta ya watoto. Mwenye yadi tunayochukulia magari, ambaye sisi humwita Tajiri, humpimia kila dereva mafuta ya safari. Yakibaki, ni yako. Basi kila penye mteremko unatoa gia, unaweka nyutro, gari linashuka kwa uzito wake na injini inapumzika. Tone kwa tone, ukifika mpakani una kitu cha kumuuzia mtu wa dumu. Hayo ndiyo yaliyonunua sare za shule na madaftari. Hakuna aliyeyaita wizi. Tajiri hakuwahi kuuliza, nasi hatukuwahi kumwambia.

Na hakuna aliyeujua mchezo huo kumshinda shemeji. Kuna mteremko mmoja mkubwa kwenye njia yetu, kona juu ya kona, ambao madereva huuita Ukweni, kwa sababu hapo hata mlevi huenda kwa adabu. Shemeji aliweza kutoka kileleni hadi darajani chini bila kuonja mafuta ya Tajiri. Vijana walijifunza kwake. Mimi mwenyewe nilijifunza kwake, baada ya yeye kumwoa dada yangu na kugundua kwamba amerithi pamoja naye shemeji asiye na kazi.

Kisha yakaja magari ya umeme. Mwanzo yalikuja machache, tukayacheka. Gari linawaka husikii, unatembea mbele yake yadini linakusogelea kimya kimya, unaruka ukiwa na umri wako. Baadaye tukaacha kucheka. Wateja wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wamechoka na bei ya mafuta, kila simu aliyopokea Tajiri ilikuwa ya mtu anayetaka la umeme. Wenye malori ya kubeba magari nao wakaanza kupita ofisini kwake. Lori moja linapakia magari mengi kwa mpigo, na dereva ni mmoja.

Tajiri alituita, shemeji na mimi, akatuambia bila kutuzungusha. Alikuwa amesimama, na mtu akikupa habari akiwa amesimama ujue hataki maswali.

"Wenye malori wananifuata kila siku," alisema. "Lakini ninyi ni watu wangu. Nitajaribu moja kwa barabara. Likifika kwa magurudumu yake, shehena inayokuja ni yenu madereva. Lisipofika, nawapa wao, na sisi tutaagana vizuri."

Akamchagua shemeji aendeshe, kwa ukongwe wake. Mimi nikapewa pikapu ya dizeli nimfuate nyuma, mambo yakiharibika.

Karani wa yadi, binti mpole mwenye kucha ndefu, alikaa naye garini akamwonyesha kila kitu. Gia haikuwa gia, ilikuwa kitufe kinene cha kuzungusha. "Kwenye mteremko, baba, usifanye chochote," alimwambia. "Achia tu kanyagio. Gari litajizuia lenyewe, na kule kujizuia ndiko kunakorudisha umeme kwenye betri. Ukiweka nyutro, hupati kitu. Gari linateremka bure."

"Nimeelewa, mwanangu," shemeji alisema, na alikuwa ameelewa kweli. Alinieleza mimi mara mbili tuliposimama njiani, kwa ufasaha, hadi nikamwomba aniache nipumzike.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Kuna gesti moja huko nyanda za juu ambayo mwenye gesti amefunga chaja ya magari. Kuna nyingine kwenye mji mdogo ng'ambo ya mteremko, baada ya tambarare ndefu isiyo na kitu. Betri ya gari lile, lililokwisha kutumika kwao miaka kadhaa, ikijazwa gesti ya juu isingefika ya chini. Ingefika tu kama Ukweni pangerudisha kidogo.

Shemeji alikwenda bila kiyoyozi ili kubana umeme. Shati lake lililoa, likakauka, likaloa tena. Gesti ya juu tulisubiri kuchaji mchana kutwa. Tulikaa kwenye benchi nje ya mapokezi, tukitazama asilimia zikipanda kwenye skrini kwa mwendo wa konokono, na shemeji akawa anaongea. Si mtu wa maneno. Alisema magoti yanamuuma anaposhuka ngazi za basi. Alisema gari lisilo na mlio linamwachia mawazo yote, hakuna kinachoyafunika. Alisema hana anachojua kufanya zaidi ya kuendesha, na kwamba dada yangu ameshamwambia asirudi safari hii na hadithi.

"Likifika tu hili," alisema, "nitalala siku mbili."

Kisha akajinyoosha kwenye benchi, lakini usingizi haukuja. Nililiona hilo, maana macho yake yalikuwa wazi kila nilipogeuka.

Kesho yake, tulipoanza kushuka Ukweni, jua lilikuwa kali. Mbele yetu malori mawili ya saruji yalikuwa yanakokota, na hewa ilijaa harufu ya breki zinazoungua, kama ilivyo hapo siku zote. Shemeji alikwenda vizuri. Kona alizikata taratibu, hakumpita mtu, hakupiga honi. Nilimtazama kwa nyuma nikajisemea moyoni kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kwa mara ya kwanza safari ile nikapiga mluzi.

Chini, baada ya daraja, aliweka gari pembeni. Nilidhani ni haja ndogo. Mlango ukafunguka, mtu hakushuka. Nikangoja, nikaenda.

Alikuwa amekaa wima, mkono umekaa juu ya kile kitufe kinene, na skrini ilikuwa inaonyesha nyutro. Alikuwa anautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja chombo cha jirani.

"Shemeji," alisema, "nimeweka nyutro."

"Saa hii?"

"Huko juu. Sijui saa ngapi. Mkono umeweka wenyewe. Nimegundua nilipotaka kuondoka hapa, nakanyaga, haliendi."

Nikatazama asilimia. Mteremko wote ule haukurudisha hata moja. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea, lakini siku ile nilitamani wangekuwa waongo. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

Hata hivyo tulijaribu. Kule tambarare alikwenda polepole hadi mwenye baiskeli akatupita na kutupungia. Vioo alivishusha, redio haikuguswa, hata taa ya ndani ilizimwa kana kwamba ndiyo iliyokuwa inakula umeme. Gari likaanza kupunguza nguvu lenyewe, likakohoa kwa kengele ndogo ya adabu, na likasimama mahali ambapo tanki la maji la mji linaonekana. Kuvuta kwa kamba tulikatazwa. Binti wa yadi alisema magari hayo yakivutwa na magurudumu chini yanaharibika. Ningeweza kutembea hadi kwenye ile chaja, nikarudi, na jasho lisinitoke sana. Ndivyo tulivyokuwa karibu.

Nilikuwa nimeshaandaa la kusema. "Tuseme betri ni mbovu," nilimwambia. "Gari limetumika huko kwao, nani atabisha? Mimi shahidi."

Shemeji alikuwa anapangusa shingo kwa leso. "Nikisema betri mbovu, Tajiri ataona magari haya hayawezi hii njia. Atawapa watu wa malori. Wewe utafanya nini?"

"Nawe ukisema kweli utafanya nini?"

"Nikisema kweli, nitaondoka mimi peke yangu."

"Dada je?"

"Una watoto wadogo wewe," alisema. "Wangu wamekaribia kumaliza shule."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Kitinda mimba wake yuko darasa la tatu, hajakaribia kumaliza chochote isipokuwa viatu. Nilimwambia hivyo. Akatoa simu yeye mwenyewe, akaweka spika, akaiweka juu ya boneti katikati yetu.

"Limefika?" Tajiri aliuliza kabla ya salamu.

"Halijafika. Limezimika karibu na mji."

"Betri?"

"Betri ni nzima, tajiri. Gari ni zima. Mimi niliweka nyutro, Ukweni yote."

Kisha tukamsikia anacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Mafuta ya watoto," alisema. Kumbe hata jina alikuwa analijua. "Kwenye gari la umeme, mzee wangu?"

"Mkono umezoea."

"Na huyo shemeji yako?"

Shemeji alinitazama. "Huyu mkono wake bado unasikia," alisema. "Akiambiwa, anaelewa. Wengine wote pia, waambie tu mapema. Njia inawezekana, tajiri. Kama si mimi, lingefika na umeme ukabaki."

Tajiri alivuta pumzi. "Haya. Tafuteni lori lolote lililo tupu lilipakie, lifike kwa mteja. Shehena inayokuja itapita barabarani, nimekuamini. Wewe rudi nyumbani, tutaongea."

Kila aliyewahi kuajiriwa anajua tutaongea ya aina hiyo huwa haina siku. Shemeji alisema ahsante, akazima simu, akaifuta vumbi kwa leso ileile. Lori la kubeba magari lilipotokea, tupu, dereva wake alitupa maji ya kunywa kabla ya kuuliza tatizo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu yule, na hata hilo likashindikana. Tulilipandisha gari la umeme juu, likiwa peke yake kwenye lori kubwa namna ile, na shemeji akakagua minyororo ya kila gurudumu mara ya pili.

Dada alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukamwacha aseme?"

"Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Kamwambie koleo mwenyewe, yuko uani amekaa." Akarudi jikoni. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira na wote: na Tajiri kwa kucheka, na gari kwa ukimya wake, na zaidi na shemeji, kwa kunitwisha wema ambao sikuuomba na siwezi kuurudisha.

Sasa naendesha magari ya umeme. Mafuta ya watoto yamekwisha, hakuna cha kubana wala cha kuuza, na safari ni ndefu zaidi kwa ajili ya kusubiri chaja. Lakini kazi ipo, na madereva wote wa yadi yetu wanayo, isipokuwa mmoja. Dada anashona nguo za watu. Shemeji anawapeleka watoto shule kwa miguu, wa kwake na wa kwangu, na magoti yake yanamuuma vilevile.

Kila safari, nikifika juu ya Ukweni, simu inaita. Simwambii natoka lini gesti ya juu, wala haniulizi. Anaijua njia ile kwa mwili.

"Uko wapi?"

"Juu."

"Mkono uko wapi?"

"Kwenye usukani."

"Uache hapo hapo."

Hakati simu. Naiweka kwenye kiti cha pembeni, juu ya nailoni, nashuka. Hatuongei. Namsikia anavyopumua, namsikia dada akikanyaga cherehani nyuma yake, na kwenye kona kali namsikia anashika pumzi, kabla sijafika kwenye kona yenyewe. Ni safari ndefu kuisafiri hivyo, watu wawili kwenye kiti kimoja. Nikilivuka daraja anauliza jambo moja tu.

"Imepanda?"

"Imepanda, shemeji."

"Haya," anasema, na anakata.