Mwizi wa Wampembe

Tangu mama Deo afariki, salamu za Deo mwanangu kutoka Wampembe ndizo zinanifanya nifungue kinywa. Mwezi jana simu ikaniandikia kwamba namba yake ya usalama imebadilika, yaani ujumbe wake sasa unatoka simu nyingine. Mimi mjuaji nikajua ameibiwa simu. Mara ujumbe ukaingia: "Shikamoo baba, umekula?"

Nikajibu, "Mwizi wewe, katafute baba yako," nikaizuia namba isinipate hata kwa kupiga. Pale mtaani kwetu Izia nikatangaza kwenye jumuiya ya sala, wakanisifu. Kisha nikala ugali wangu wa ulezi peke yangu, simu kimya.

Jumamosi jumuiya ikiwa inasali kwangu, Deo akaingia na samaki migebuka, mkononi ana simu mpya.

"Shikamoo baba. Uliniambia nikatafute baba yangu. Nimefika."