Kwa Nini Fundi Kesho Alichagua Kitabu Chembamba

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila mteja aliyefika kibandani kwake kuulizia viatu alijibiwa kwa neno hilo moja, tena kwa upole kiasi kwamba wengi waliondoka wameridhika, wakakumbuka njiani kuwa bado wamevaa kandambili. Hata hivyo, kiatu kilichotoka mikononi mwake kilidumu, na ndiyo sababu waliendelea kumletea.

Mkewe alikuwa mfinyanzi. Uwani, chini ya bati lililoegemezwa ukutani, alifinyanga vyungu vya maua ambavyo wenye bustani walikuja kuvichukua. Mwaka ule alikuwa ameanza kitu cha nafsi yake: mtungi mkubwa usio wa mteja yeyote, alioujenga kwa kamba za udongo, pindi juu ya pindi. Ulikuwa umefika mabegani, shingo bado, siku alipoteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akavunjika nyonga. Akiwa juu ya machela alimpa mumewe agizo moja tu. Kitambaa kilichofunika mtungi kiloweshwe kila asubuhi, kwa maana udongo ukishakauka haukubali kuongezewa.

Siku za mwanzo fundi alilowesha. Kisha asubuhi moja alichelewa kibandani, akajiambia atalowesha jioni. Jioni akapitia hospitali, akarudi hoi, akajiambia kesho. Kila alipoketi kando ya kitanda mkewe alimwuliza kama amelowesha, naye akajibu kuwa amelowesha. Mara ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, jibu lile lilikuwa ahadi, kwani alikusudia kulitimiza akifika nyumbani. Baadaye likawa uongo, na uongo ukazoeleka kama kiatu kilichokwisha kutanuka.

Daktari aliposema mgonjwa ataruhusiwa mwisho wa wiki, fundi alikwenda uwani moja kwa moja. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa kama ngozi isiyotiwa mafuta. Chini yake mtungi ulikuwa umepauka, rangi ya majivu. Akafanya lililomjia kwanza: akachota maji kwa jagi akaumwagia, kana kwamba asubuhi zote alizoziruka zingefidiwa kwa mkupuo mmoja. Udongo ukayanywa huku ukitoa sauti ndogo ya kuchemka. Bega moja likalegea, likamomonyoka, likaangukia ndani. Alijaribu kulirudisha kwa gundi ya viatu. Gundi ilishika vidole vyake, haikushika udongo.

Kesho yake alikifunga kibanda akaenda duka la vitabu. Mwenye duka, mama mcheshi ambaye viatu vyake vya ngozi vilikuwa kwa fundi tangu mvua za mwanzo, alimtazama mikononi.

"Nikadhani umeniletea viatu vyangu."

"Kesho, mama."

"Wewe na kesho mmetoka tumbo moja."

Aliomba kitabu cha ufinyanzi cha mtu asiyejua kitu. Yule mama akamwekea vitatu juu ya meza, akavieleza kwa uaminifu wa muuzaji asiye na haraka. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye picha za kung'aa. Alisema kinampendeza mgeni sebuleni, ila kinamdhania msomaji kuwa tayari ana gurudumu la kufinyangia na tanuri la umeme. Cha pili hakikuwa na urembo, lakini kilianza na mikono mitupu na kumpeleka mtu hatua kwa hatua. Hicho ndicho anayeanza angepaswa kukichukua. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha watoto wa shule, jalada lake limefifishwa na jua la dirishani.

Fundi alivichukua vyote hadi pembeni mwa rafu. Hakutafuta jinsi ya kuanza. Alitafuta jinsi ya kurudi nyuma. Kitabu kikubwa kilisema wazi kwamba udongo mbichi haushikamani na mkavu. Cha pili kilisema vivyo hivyo, kikaongeza mchoro wa ufa, na ule ufa aliufahamu. Chembamba kilikuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu jambo hilo, ulioanza kwa maneno kwamba udongo uliokauka haujafa. Hakusoma mstari wa pili. Akakifumba, akasema anachukua hicho.

Yule mama alishangaa, lakini akakifunga kwenye karatasi. "Haya, udongo uwahi ungali maji," alimwambia kwa nia njema, akidhani anamtia moyo mwanafunzi mzee. Fundi akalipa akatoka.

Mkewe aliletwa nyumbani akitembelea magongo, dada yake mkubwa akimshikilia kiuno. Kitabu kilikuwa mezani. Fundi alikuwa amesahau kukificha. Mkewe aliketi, akakichukua, akakifungua taratibu. Tangu waoane mumewe hakuwahi kugusa udongo, na kazi ya mkewe aliiita "matope yako." Sasa uso wa mkewe ulilainika. Alisema basi shingo ya mtungi wataijenga pamoja, yeye akielekeza, fundi akikunja kamba.

"Shemeji," akasema dada mtu, ambaye hakuwahi kumsifu, "leo umenifunga mdomo."

Fundi alikwenda jikoni kuandaa chai akakaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Aliporudi na sinia, mkewe alimwuliza kama dukani kulikuwa na vingine. Akasema vilikuwepo viwili.

"Mbona ukachukua hiki? Hiki si cha watoto?"

Angeweza kusema kilikuwa chepesi. "Vile viwili vilisema haiwezekani," akajibu.

"Haiwezekani nini?"

Akaeleza yote akiwa amesimama, sinia mikononi. Dada mtu alikwenda uwani, akarudi, akaketi.

"Kila siku nilikuuliza," akasema mkewe.

"Ndiyo."

"Na kila siku ukanijibu. Mimi nimelala pale nakuona akilini unakikamua kile kitambaa."

Hapo simulizi zao zinatofautiana. Fundi anasema mkewe alilia. Mkewe anasema hakumbuki kulia, anakumbuka alisoma. Aliufungua ukurasa ule akausoma hadi mwisho: udongo mkavu uvunjwe vipande vidogo, ulowekwe, nao utarudi kuwa udongo. Akaomba apelekwe uwani, akaketi kwenye kigoda, akamtaka mumewe alete nyundo yake ya viatu.

Fundi alitaka kusema kwamba mkewe amechoka, apumzike kwanza, kesho. Neno lilifika kwenye meno likaishia hapo.

"Vunja," akasema mkewe. "Vidogo vidogo."

Alianza na bega lililobaki zima, ambapo alama za vidole vya mkewe zilikuwa bado zimepangana. Hakuna aliyemsaidia.

Udongo ulirudi laini ukafungwa kitambaani, na fundi hakuacha kuulowesha hata asubuhi moja. Mkewe hakumwuliza tena. Alijikokota na magongo yake hadi uwani, akakigusa kitambaa kwa kidole, ndipo akamtakia mumewe siku njema.