Fundi Nevenka na Kabari ya Bibi Persida

Saa tisa alasiri, Nevenka Stamenković amelala kifudifudi kwenye korido ya nyumba moja mjini Leskovac, tochi mdomoni, akipapasa waya wa video alioutandaza jana. Nje, mtaa mzima unachoma pilipili hoho za kusindika kwa majira ya baridi. Humu ndani hakuna mwenye hamu ya kula.

Waya huo wa mita ishirini unatoka kwenye king'amuzi cha sebuleni hadi runinga ya chumba cha nyuma, anakolala Mzee Svetozar tangu alipopooza. Jioni hii mjukuu wake Vukan, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha mpira wa kikapu uani, anacheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa ughaibuni. Jana picha ilikuwa safi. Leo ni giza tupu.

Nevenka anafika kwenye tundu alilotoboa ukutani. Limeshindiliwa matambara, na juu yake kabari ya mti imepigiliwa kwa nyundo. Waya umepondeka.

"Bibi Persida! Nani kapigilia mti hapa?"

"Mimi. Ulitaka upepo umpige mume wangu shingoni? Fundi gani anaacha tundu wazi chumbani kwa mgonjwa?"

"Upepo gani wa kutoka sebuleni, bibi? Ndani ya waya huu mna nyuzi za kioo!"

"Si ungesema!" Kisha sauti inamlegea. "Mwanangu, nimemkosesha mechi?"

Huku Leskovac upepo wa kupenya vyumbani unaogopwa kuliko homa yenyewe. Nevenka, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, hamlaumu. "Mama yangu naye angeliziba," anasema.

Waya wa aina hii ukivunjika hauungwi. Mpya unakula mapato yake ya siku mbili, na leo Jumapili maduka yamefungwa. King'amuzi hakihamishiki, kwa kuwa waya wa dishi unaishia sebuleni. Mzee naye habebeki.

Nevenka anachukua funguo za gari. "Bandika kahawa, bibi. Narudi."

Nyumbani kwake anafungua chumba ambacho hakijafunguliwa tangu Februari, mama yake alipofariki. Humo aliwahi kutandaza waya kama ule ili mama, ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani, asikose tamthilia zake. Anauvuta kutoka ukutani huku akilia, wala hajifichi.

Mechi inapoanza, picha ipo. Vukan anaingia uwanjani kipindi cha pili. Mzee Svetozar, asiyeweza kusema, anainua mkono wake mmoja mzima na kukunja kiganja kama mtu anayerusha mpira.

"Anamwambia ainue kiwiko," Bibi Persida anatafsiri, machozi yakimtiririka. "Hata leo hajaacha kumgombeza!"

Nevenka anakunywa kahawa yake akiwa amesimama mlangoni. Bibi Persida anamuuliza atafanya nini baada ya hapa.

"Chumba cha mama, nilikoutoa waya huu, sikukifunga tena," anasema. "Kesho nakipaka chokaa, kiwe karakana yangu. Nimechoka kuweka vifaa kwenye buti ya gari. Na mama hakupenda kitu kikae bure."