Gemu nililolisubiri miaka sita limeniangusha, ila binti yangu kanimaliza kabisa

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Haya yamenitokea Jumamosi iliyopita hapa Coon Rapids, Minnesota, Marekani, na mpaka sasa furaha haijaniisha. Wale wazee wa "hii chai" mkae pembeni kidogo. Nimdanganye nani kwa habari ya gemu?

Mimi ni mgonjwa wa RPG. Kwa wasiojua, ni yale magemu ya hadithi ndefu: unazunguka na steringi wako, yaani mhusika mkuu, nchi nzima, unaongea na wanakijiji, unapigana na majoka, miezi mitatu inapita hujafika mwisho.

Kuna series moja naifuata toka part two, nikiwa chuo Morogoro. Jina silitaji, mods wasije wakasema napiga promo.

Sasa nina binti, Neema, miaka kumi na tatu. Alikuja huku ana miwili.

Alipokuwa mdogo nilikuwa nampakata huku nacheza part five. Gemu lilikuwa maandishi matupu na yeye hajui kusoma, nikawa namtafsiria. Tena si kistaarabu! Nilitafsiri kama wale ma-DJ wa kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, wanaoingiza sauti zao juu ya picha ya Kizungu mpaka unasahau mwenye picha alisema nini.

Mfalme nilimpa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Joka likawa linafoka kama mama mwenye nyumba wangu wa zamani kule Mazimbu. Neema anacheka mpaka anapaliwa, halafu anasimama kwenye kochi analitishia joka kwa Kiswahili.

Wakuu, niseme ukweli, kile ndicho kilikuwa Kiswahili chetu. Mama yake ni nurse, shift zake mnazijua. Mimi nashinda warehouse huko Eagan. Kanisani mtoto anaamkia "shikamoo", biashara imeisha.

Toka aingie middle school namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Anaelewa kila kitu, lakini nikigomba ni "I heard you, Dad", basi. Nikaanza kuogopa kimyakimya kwamba mtoto ananipotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ndiyo maana niliposikia part seven inatoka nilifurahi kuliko siku niliyopata green card. Nikaomba off kazini wiki mbili kabla.

Jumamosi ikafika. Nje theluji, ndani nimekaanga mihogo, controller imejaa chaji. Neema katoka chumbani na simu yake, akakaa mwisho kabisa wa kochi. Sikujali, nilikuwa na kiherehere kama mtoto siku ya Idi.

Wakuu, lile gemu ni takataka.

Picha kali, sikatai, nywele za steringi unaweza kuzihesabu. Lakini maandishi wameondoa yote! Kila mtu anaongea mwenyewe, haraka haraka. Steringi akipanda ngazi anakutangazia kwamba anapanda ngazi. Jibu huchagui. Vita vinajiendesha vyenyewe, wewe unabonyeza kitufe kimoja kama unaita lifti.

Nikajaribu kuingiza sauti yangu kama zamani. Mfalme akanizidi, hanyamazi hata kumeza mate. Nikapandisha sauti.

"Dad, I can't hear it," Neema akasema.

Nikarudi kubonyeza kitufe changu kimoja. Iliniuma, sitawaficha.

Baada ya kama saa moja nikaweka controller mezani. Nikamwambia basi mama, endelea tu na simu yako, hili gemu limetushinda. Nilisema kwa kununa kabisa, mtu mzima na ndevu zangu.

Hakuondoka. Akachukua remote, akazima sauti ya TV.

Kwenye screen alikuwepo mfalme na binti yake, midomo inacheza kimya. Neema akasafisha koo, akatoa sauti nzito:

"Nani ameacha taa ya bafuni? Mnafikiri umeme unaokotwa?"

Jamani, yule ni mimi! Miaka yote nimemfanya mfalme mwenyekiti wa mtaa, kumbe mwenzangu ananirekodi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Akaendelea, mara mfalme, mara binti, Kiswahili kinapinda hapa na pale lakini kinatembea. Kisha mfalme akageuka, akampa binti mgongo, akawa anaangalia dirishani.

Neema akashusha sauti, akamsemea yule binti:

"Baba, usinune. Mimi nasikia yote unasema. Mdomo wangu tu ni mvivu."

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye TV.

Ilikuwa zamu yangu kumsemea mfalme. Nikasingizia naenda kuongeza mihogo.

Funzo langu ni hili: mtoto akikujibu Kiingereza usidhani Kiswahili kimemtoka. Mimi nilikuwa nangoja gemu linirudishie mtoto, kumbe mwenyewe alikuwa hapohapo kwenye kochi.

Part seven msinunue, nimewapa nusu nyota kwa huruma tu. Anayelitetea aje, leo nina nguvu. Na wenye watoto ughaibuni, semeni, wa kwenu wanawajibuje?

Nikichelewa kusoma comments mnivumilie. Naitwa sebuleni, na naitwa kwa Kiswahili.