Kanzu ya Chuma

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivalisha vyuma nguo, nguo ya kweli, na shantie nzima, watu wote wa pale kazini, ikacheka hadi saa sita.

Ilikuwa Kasongo, kwetu, wakati wa Wabelgiji, tulipojenga daraja la beto, yaani zege, kwenye barabara ya Kabambare. Nilitoka sekondari ya mapadri na Kifaransa cha kujivunia. Shefu wa shantie, Mubelgiji mwenye haraka, akapiga kelele: "Enrobage, santimetre tatu!" Kapita wetu, musimamizi wa vibarua, muzee wa Nyangwe, akatafsiri: "Anasema kila chuma kivae kanzu." Mimi musomi nikakubali: robe ya Kifaransa, si ndiyo kanzu? Nikachana magunia, nikafunga chuma kimoja kimoja kama mutoto aliyezaliwa juzi.

"Yo! Musomi," kapita akasema akipangusa machozi, "kanzu yenyewe ni beto!"

Ndipo akanifundisha. Beto inayofunika chuma lazima iwe nene, maji na hewa visikifikie. Vikikifikia, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, beto inapasuka kutoka ndani. Kwa hiyo chini ya vyuma tuliweka kale, vipande vya simenti na muchanga tulivyofinyanga wenyewe, ili chuma kisilale juu ya mbao zinazoshikilia beto mpaka ikauke.

Kale zikatuishia tukiwa tumebakiza upande mumoja. Kufinyanga zingine na kuziacha zikauke ni siku kadhaa, na Bwana Administrateri, mukubwa wa serikali, alikuwa anakuja kufungua daraja. Shefu akaamuru vyuma vilale juu ya mbao hivyohivyo. Nikapanda, nikakaa juu yavyo.

"Toka hapo!"

"Bwana, iko uchi."

"Nani iko uchi?"

"Chuma, Bwana."

"Mwageni beto juu yake!"

"Bwana," kapita akasema kwa heshima yote, "huyu iko na tumbo. Santimetre tatu haitamufunika."

Watu wakacheka; ndicho kilichoniponza. Shefu akakata shauri palepale: niombe radhi mbele ya wote, ama niende kazi Kabambare. Na mimi ni mutu wa nyumbani. Kulala hata Nyangwe, hapo jirani, kulinitia homa. Niliondoka nikilia, siwadanganyi, lakini radhi sikuomba. Nyuma yangu wakamwaga beto.

Kabambare nikajenga madaraja madogo, nikipima kanzu ya kila chuma, mpaka wakaniita Santimetre. Misimu michache ya mvua ikapita, barua ikaja kutoka kwa shefu yuleyule. Upande ule mumoja ulikuwa unatoa mistari ya kahawia, vipande vinaanguka mutoni. Nirudi nyumbani nikautengeneze, ila kwanza niombe radhi.

Neno "nyumbani" nililisoma mara nyingi. Kisha nikaandika nyuma ya karatasi yake namna ya kubomoa beto iliyopasuka, kusugua chuma kwa burashi mpaka king'ae, na kukifunika upya. Nikaituma. Radhi sikuiandika.

Nikabaki Kabambare mpaka pensheni. Vijana mnaniuliza kama najuta. Kuomba radhi kwa Kifaransa ni "Pardon, Bwana": maneno mawili tu, hata mimi ningeyatamka bila kosa. Mpaka leo sijayatamka.