Mzunguko wa Pili

Ipo siku moja ya Kitangari, mwanangu, ambayo kila nikishika hendeli ya kuwashia injini inanirudia. Leo uliponipigia simu kutoka Newala, ukaniambia umeshusha injini ya watu, umeifunga mwenyewe na kesho unaiwasha, nilikupongeza, kisha nikanyamaza. Ukaanza kuita "haloo, haloo" ukidhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa nimerudi Kitangari.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ufundi nilijifunza Masasi mjini kwa Baba Salima, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Maneno nilikuwa nayo mimi, ya kututosha wote wawili. Kijijini kwetu Kitangari maji yalikuwa yakipandishwa kutoka bondeni kwa pampu ya dizeli, injini ya silinda moja, mpaka kwenye tangi kule juu. Injini ikafa katikati ya kiangazi. Wanawake wakarudia njia ya zamani: kushuka mlima alfajiri na ndoo tupu, kupanda na ndoo imejaa, jua limeshakuwa kali. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani. Akirudi alilikanda kwa maji ya moto, kikombe kimoja tu, maana hata hayo ya kukandia alikuwa ameyapandisha yeye.

Kamati ya maji ikaniita mimi, kijana wao. Baba Salima akaja pia, lakini akasema kazi ni ya Bakari, yeye amekuja kuangalia tu. Unaweza kufikiria kichwa kilivyonivimba.

Nikaifungua yote. Sasa hapa tulia kidogo, hata kama unajua. Ndani mna gia mbili ambazo meno yake yanaingiliana: moja ya kranki, inayopandisha na kushusha pistoni, na moja ya kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Zikipishana jino moja au mawili, valvu inashuka wakati pistoni inapanda, na hapo chuma kinagonga chuma. Ndiyo maana kabla ya kuzitoa, fundi anaweka alama kwenye meno yanayokutana. Wengine wanatumia rangi. Sisi wa huku tulitumia mafuta ya ganda la korosho. Unayajua yale meusi: yakishika kidole, sabuni haifui dafu, na dizeli nayo haiyatoi. Nikapaka tone kwenye jino la gia hii na tone kwenye jino la ile, nikajiona profesa.

Nikaosha vyuma vyote kwa dizeli, nikaweka ringi mpya na beringi mpya. Siku ya kufunga nikakutanisha doa jeusi na doa jeusi, nikafunika kava, nikakaza bolti. Zile nukta ndogo zinazochongwa kiwandani kwenye meno sikuzitafuta. Za nini, na alama yangu ninayo?

Habari zikapanda mlima kabla ya maji. Kule juu ndoo zikapangwa foleni kwenye bomba la tangi, na wanawake kadhaa wakateremka bondeni kushuhudia. Mama akaja pia, akageuza ndoo yake, akaikalia, akawa ananitazama na kutabasamu. Nikashika hendeli.

"Bakari," Baba Salima akasema, "umeizungusha kwa mkono?"

"Haina haja, Baba Salima. Alama zimekaa sawasawa."

"Toa nozeli. Zungusha polepole, mara mbili."

"Mzee wangu, watu wanasubiri maji."

"Na mimi nasubiri."

Nilikasirika, sikufichi. Mbele ya mama yangu na mbele ya wasichana wa kijiji, naambiwa kama mwanafunzi wa juzi! Nikaitoa nozeli, ile inayorushia dizeli ndani ya silinda, kwa vishindo. Nozeli ikishatoka, silinda haibani pumzi, hendeli inakwenda laini, na ukikutana na kizuizi ujue ni chuma. Nikazungusha. Laini kabisa, mzunguko mzima.

"Si unaona?" nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wanawake.

"Umezungusha mara ngapi?"

"Moja."

"Nimesema ngapi?"

Nikazungusha tena, uso nimeukunja. Kabla mzunguko wa pili haujatimia, hendeli ikasimama. Ikatoa mlio mdogo, tik, kama kucha ikigusa sufuria. Na mimi, mwanangu, nikataka kuisukuma ipite. Mkono ulishaanza kukaza. Baba Salima akaweka kiganja chake juu ya wangu.

"Acha hapo hapo," akasema.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho yeye mwenyewe alinifundisha. Kranki huzunguka mara mbili ndipo kamshafti izunguke mara moja. Mzunguko wangu wa kwanza, pistoni ilifika juu na kukuta valvu zote mbili zimefungwa, haikuwa na cha kugonga. Kosa lilikuwa linanisubiri kwenye wa pili. Ningeiwasha, valvu ingepinda, pistoni ingetoboka, na vipuri vya injini ile vilitoka Dar es Salaam, vikipatikana. Nilimtazama mama. Hakuelewa kilichotokea, lakini hakuwa anatabasamu tena, na mkono wake ulikuwa juu ya lile goti. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa.

Tukafungua kava. Kwenye gia ya kamshafti kulikuwa na madoa mawili meusi, yamepishana meno mawili. Moja linang'aa, langu. Jingine limefifia, lilikuwa limejificha chini ya uchafu mpaka nilipoosha, na ndilo nililolikutanisha na doa langu la kranki. Nilikuwa nimeiozesha alama yangu kwa mume wa mtu.

Nikangoja kusemwa. Baba Salima akainama, akalisugua lile doa la zamani kwa kidole gumba.

"Hili ni langu," akasema. "Injini hii niliifungua mimi, miaka ile. Sikulifuta. Nilijua nitakuja kuifungua mwenyewe."

Akachukua msasa, akafuta doa lake, kisha akanipa msasa huo. "Na lako."

Nikafuta. Tukazitafuta nukta za kiwandani, tukazikuta, tukazikutanisha. Nikazungusha mara moja, mara mbili, laini. Nikaongeza ya tatu na ya nne bila kuambiwa, na Baba Salima, mtu asiyecheka, akacheka. Nozeli ikarudi, hendeli ikapigwa, injini ikakohoa, ikashika. Baada ya muda sauti ikatoka juu mlimani: maji yanaingia tangini! Nilikaa chini kwenye mchanga. Nilifurahi mpaka machozi, wala sikuona haya.

Mama akasimama, akaokota ndoo yake, akaanza kupanda. Goti lilikuwa lile lile. Lakini ndoo ilikuwa tupu, na ndiyo mara ya kwanza katika kiangazi kile kumwona akiupanda ule mlima na ndoo tupu.

Basi kesho, mwanangu, kabla hujawasha, toa nozeli, shika hendeli, zungusha mara mbili, tena mbele ya hao hao wanaokuharakisha. Ikigoma, usiisukume, fungua uangalie. Alama yako iamini baada ya kuiona ya kiwanda. Na ukimaliza ifute, usimwachie fundi anayekuja nyuma yako mtego, hata kama fundi huyo ni wewe.

Baba Salima ametangulia mbele ya haki, na dua hii ni yake kama ilivyo yangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira ya mzunguko wa pili, na kila utakapokusanya spana zako uondoke, awepo mama mmoja anayepanda mlima na ndoo tupu. Amina.