Tairi Alilochagua Kimeu

Saa moja asubuhi, Kimeu amepiga magoti kwenye vumbi la timbo moja la mawe karibu na Syokimau. Lori limeshusha matairi mawili ya tingatinga la kupakia mawe, kila moja likikaribia kimo cha mtu. Kimeu ametakiwa kuchagua.

"Hii ya meno kubwa ni ya matope," anasema, vidole vyake vikipotelea katikati ya meno hayo. "Ukileta kwa mawe, jiwe inaingia hapa inakaa. Kila ukienda inakula tu ndani. Hii ingine iko na ngozi nene, na meno yake imebanana. Jiwe haipati mlango."

Muuzaji aliyekuja na lori anacheka. Wateja huchagua kwa macho, anasema, na macho hupenda meno makubwa. Isitoshe, hilo ni nafuu kwa shilingi elfu thelathini. Kimeu anapigapiga lile la meno yaliyobanana.

Ana miaka 51, mzaliwa wa kijiji cha Kola, na amekuwa fundi wa matairi hapa tangu 1988. Kazi hii hakuisomea, aliiokota mikononi mwa wengine.

Mwaka 1999 mwenye timbo alimtuma achague matairi ya mbele, yale yanayolemewa zaidi koleo la tingatinga likijaa tani tano za mawe. Alichagua yenye meno makubwa.

"Niliona iko na nguvu," anasema. "Mtu akiona meno anaogopa, si ndio?"

Baada ya miezi minne, tairi la kushoto lilipasuka tingatinga likishuka mteremko na mzigo. Likapinduka. Dereva, Musili, rafiki aliyekua naye Kola, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 34.

Kimeu ndiye aliyelifungua tairi lile. Alikuta vipande kumi na kimoja vya mawe vimepenya hadi kwenye nyuzi za ndani. Hakumwonyesha mtu.

Ripoti ya timbo ilisema dereva alikuwa mlevi, tena alikwenda kasi. Gazeti moja likaandika vivyo hivyo, na jina kamili la Musili.

"Musili hakuwa anaonja pombe. Alikuwa mtu wa kwaya," anasema Kimeu. "Na watoto wake wakaitwa watoto wa mlevi."

Inauma kuyasikia. Lakini tusimpambe: alinyamaza kwa kuogopa kufutwa kazi. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Kimeu sasa ana miaka kumi na saba.

Kila Krismasi humpelekea mjane wa Musili, Kavindu, unga na sukari. Kavindu humshukuru na kumpikia chai.

"Ananiita ndugu ya Musili," anasema. "Hiyo chai hainywiki kwangu."

Tairi la meno makubwa linarudishwa kwenye lori. Kimeu analitazama mpaka linafungwa kamba.

Jumapili hii, ibada ikiisha, atapanda gari kwenda Kola kumweleza Kavindu kila kitu, kabla mtu hajamsomea habari hii gazetini.

"Labda atanifukuza kwake. Afadhali anifukuze akijua bwana yake hakukosa."

Mwandishi anamuuliza kama angependa jina lake libadilishwe. Kimeu anajipangusa mikono kwenye suruali, anafikiri kidogo.

"Musili waliandika jina yake yote," anasema. "Yangu ni Kimeu Mulwa. Usikosee."